Hodi ya Tatu

Mwanamume anayekwenda ukweni kwa mara ya kwanza haendi mikono mitupu. Hilo hata Mizani alilijua, ingawa hakuwa mtu wa kujua mambo mengi nje ya hesabu zake. Alikuja na kisanduku cheusi amekibana kwapani, shati limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Wino, aliyekuwa akichungulia dirishani, alimwona amefika mlangoni na kusimama bila kubisha. Alikuwa anatazama saa. Zilikuwa zimebaki dakika mbili.

"Ndiye huyo?" mama yake aliuliza kutoka kwenye cherehani. "Mbona amesimama kama mlinzi wa benki?"

"Tulimwambia saa saba, mama. Anasubiri iwe saa saba."

"Heri yetu. Marehemu baba yako, saa saba yake ilikuwa saa kumi."

Hodi ikapigwa. Mjomba alitazama saa yake mwenyewe. Alikuwa fundi saa, na tangu shemeji yake afariki yeye ndiye aliyesimama mahali pa baba katika nyumba ya dada yake. "Ya kwake inawahi dakika moja," alisema. "Akishaoa nitamtengenezea bure."

"Karibu!" waliitikia wote watatu, na Wino akafungua mlango haraka kuliko binti mwenye adabu anavyopaswa kufungua.

Wino halikuwa jina lake. Ofisini walimwita hivyo kwa sababu ya vidole vyake, ambavyo havikuwahi kutakata tangu alipoajiriwa kuchora picha za kadi. Mwenzake walimwita Mizani kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutunga kanuni za mchezo na kuzipima, ili kadi moja isizionee nyingine. Walikuwa wamekaa meza moja miaka miwili, wa kwanza wakibishana na wa pili wakitafuta sababu ya kubishana.

Chakula kiliandaliwa. Mama alimwacha mgeni amalize sahani ya kwanza, ndipo akaanza.

"Sasa, baba. Mwanangu ananiambia unakula kwa karata."

"Kadi, mama."

"Zinatofautiana nini?"

Mizani aliweka kijiko chini. Swali likihitaji jibu, hakuweza kulijibu huku anatafuna. "Karata ni hamsini na mbili, mama, na kila mtu anazo zile zile. Kadi zetu ni mia mbili. Kila moja ina picha yake na kanuni yake. Mchezaji anakusanya anazozipenda, anabadilishana na wenzake, anapanga jeshi lake. Safari hii zote tumezitoa kwenye hadithi za mabibi."

"Hapo zamani za kale," Mjomba alidakia.

"Hizo hizo. Tunachukua hadithi, tunatoa majina, tunatoa mahali, tunabakiza tendo. Kila hadithi ina tendo moja tu. Sungura na fisi, kudanganya. Zimwi, kumeza. Tendo hilo ndilo kanuni ya kadi."

"Na hadithi ya mimi na mke wangu?"

"Sijaisikia, Mjomba."

"Kununa," alisema Mjomba. "Tendo moja, miaka thelathini."

Mama alicheka mpaka akafuta macho kwa pindo la nguo. Kisha akamwongezea mgeni chakula bila kumwuliza, na Wino akashusha pumzi aliyokuwa ameishikilia miezi sita. Miezi sita alikuwa akiulizwa ni mwanamume gani mzima anayeshinda kutwa anacheza, na mtoto wake akiulizwa baba yake anafanya kazi gani atasema nini. Sasa mwiko wa kupakulia ulikuwa umejibu. Chini ya meza goti la Mizani liligusa la kwake, likatulia hapo. Hakumtazama, maana alikuwa akimsikiliza mama, lakini kijiko chake kilisahau njia na kusimama hewani.

Haraka ilikuwepo, na kila mmoja mezani aliijua. Kesho yake saa nne asubuhi gari la ofisi lingempeleka Mizani kwenye mji wenye kiwanda cha uchapaji, akasimamie mchezo huo kwa miaka miwili. Mama akitoa baraka leo, ndoa ingefungwa mwezi ujao na Wino angemfuata. Asipotoa, hawakuwa wamepanga lolote. Mizani, aliyepanga kila kitu, hilo hakuligusa.

"Nimekuletea zawadi, mama," alisema sahani zilipoondolewa, akakisogeza kile kisanduku. "Ni sampuli ya kwanza. Hakuna mtu mwingine aliyeishika. Picha zote ni za mkono wa binti yako."

Mama alinawa, akachomoa pini mbili zilizosahaulika kwenye ukosi wa gauni lake, akavaa miwani. Alizishika kadi kama anavyoshika kitambaa dukani, akisugua kila moja kati ya kidole gumba na cha shahada kabla ya kuitazama.

"Zimwi hili limefanana na mjomba wako."

"Meno tu," alijibu Mjomba.

"Huyu kobe mzuri. Huyu ndege kavaa kama mke wa mkubwa. Na huyu..."

Kidole kikasimama.

Wino aliijua kadi hiyo hata kabla ya kuiona picha, kwa mahali pake kwenye bunda. Ilikuwa ya arobaini na tatu, Msichana wa Hodi. Katikati ya picha kulikuwa na mlango uliofungwa. Nje alisimama msichana aliyejifunga kichwani kitambaa cha kijani kilichoungua pembe. Ndani, chini kushoto, alikaa mtoto wa kike sakafuni, ufunguo mapajani, uso umeelekea mlangoni. Chini ya picha iliandikwa kanuni: *Piga hodi kila zamu. Hodi ya tatu isipojibiwa, msichana anakwenda kizani, harudi. Nyumba isiyofungua itapoteza kadi moja kila zamu, mpaka mchezo uishe.*

Mama alisoma midomo ikicheza. Akasoma tena.

"Nani kakwambia?"

"Mama?" alisema Wino.

"Sikuulizi wewe. Namwuliza huyu. Kijana, nani kakwambia?"

"Ni hadithi ya bibi, mama," alijibu Mizani. "Wino ndiye aliyenisimulia."

Kweli alimsimulia. Ilikuwa siku aliyorudi kazini baada ya kumzika bibi yake, mwaka uliopita. Msichana alipotea, akarudi nyumbani alfajiri, kitambaa chake cha kijani kimeungua pembe. Akapiga hodi, baba yake akasema ni upepo. Akapiga ya pili, baba akasema ni paka. Akapiga ya tatu, mdogo wake akainuka, akafungua, na nyumba ile ikajaa mwanga, watu wake wasihitaji taa tena maisha yao yote. Bibi aliisimulia kwa maneno yale yale kila mara, na akifika kwenye "akafungua" alipiga kofi moja kubwa, watoto wakaruka. Wino alipofika hapo hakuweza kupiga kofi. Mizani, ambaye siku zote alikuwa na kadi tupu mfukoni na penseli sikioni, siku hiyo hakuandika. Alitoa leso yake akampa, ikarudi ina madoa ya wino, na hakuifua tena. Mapenzi yao yalianzia kwenye leso hiyo.

"Kwenye hadithi ya mama yangu," mama alisema polepole, "mlango ulifunguliwa."

"Ndiyo, mama. Hata kwenye kadi mwanzoni ulifunguliwa." Mizani alikaa sawa. Hapa alikuwa nyumbani kwake. "Lakini mlango ukifunguliwa, kadi ilikuwa inashinda michezo sabini na moja kati ya mia. Haikuwa haki kwa nyingine. Nikaipunguzia nguvu, ikashinda sitini na nane. Wiki tatu nilihangaika nayo. Nilipouacha mlango umefungwa, ikashuka hamsini na moja."

"Hamsini na moja."

"Ndiyo, mama. Imekaa sawa kabisa."

Mjomba alicheka, akajikuta yuko peke yake, akaacha.

"Na hii ya nyumba kupoteza kila zamu?"

"Lazima asiyefungua aumie kidogo kidogo, mama. Vinginevyo hakuna mchezaji atakayeijali hodi."

Mama alihamisha kidole. Kidole kilichokomaa kwa sindano kikatua juu ya yule mtoto aliyekaa sakafuni. "Na huyu? Wewe sasa, mchoraji. Bibi yako hakutaja ufunguo. Umeutoa wapi?"

"Upande wa kushoto palikuwa patupu, mama. Picha ilikuwa inaelemea kulia. Nilihitaji mtu wa kukaa pale, na kitu kidogo kinachong'aa."

"Na sura?"

Wino alitazama vidole vyake. Alikuwa amepanga kumwambia mama yake jambo hilo kwa furaha. "Ni sura yako. Ile picha ya zamani iliyomo kwenye mkebe wa vifungo. Nilitaka nawe uwemo."

Mama alivua miwani, akaikunja, akaiweka mezani. Cherehani, kochi, kalenda ya ukutani, vyote vilikuwa vile vile vya saa saba, lakini Wino aliona mikono ya mama yake na akajua kuwa kuna kitu kimeshaanguka, bado tu hawajakisikia.

"Haikuwa hadithi," mama alisema.

"Dada," Mjomba aliita.

"Nyamaza, wewe ulikuwa mdogo. Haikuwa hadithi. Mama yenu mkubwa hakufa kwa homa kama mlivyoambiwa. Alimfuata mwanamume ambaye baba hakumtaka. Miezi mitano haijaisha akarudi peke yake, alfajiri, tumbo limemtangulia. Kitambaa kile nilikiunguza mimi kwa pasi, akanichapa, kisha akakivaa hivyo hivyo ili nisijisikie vibaya. Siku hiyo alikuwa amekivaa. Tulimwona dirishani. Baba akafunga mlango, akanipa ufunguo mimi, kwa sababu mama angefungua. Akaniambia, 'Wewe ndiye mwenye akili.' Hodi ya kwanza, akasema ni upepo. Ya pili, akasema ni paka. Ya tatu dada hakuipiga kwa baba. Aliniita mimi, kwa jina. Alikuwa anasikia ninavyopumua."

Mama aliisogeza kadi karibu yake.

"Sikufungua. Hatukumwona tena. Hakuna barua, hakuna kaburi."

"Ulikuwa mtoto, mama," Wino alisema.

"Nilikuwa na miaka kumi na minne, na ufunguo."

Mjomba alikuwa ameishika saa yake ya mkononi kama inayotaka kuanguka. "Mimi nilikuwa na minne," alisema, hakumwambia mtu. "Nakumbuka. Niliuliza nani anabisha, nikaambiwa ni upepo. Miaka hamsini nimeishi nikijua asubuhi ile kulikuwa na upepo."

"Mama yangu hakunilaumu hata kwa neno," mama aliendelea, na sasa alikuwa akimtazama Mizani. "Ila mlipoanza kuzaliwa nyinyi, akaanza kusimulia. Kwenye hadithi nikafungua. Mimi nilikuwa nakaa jikoni, nasikiliza, nangoja lile kofi. Miaka yote hiyo mama yangu alikuwa ananifungulia mlango ule. Umekuja wewe na hesabu zako, umeufunga."

Mizani alisimama. "Mama, sikujua."

"Najua hukujua. Hukujua, na ukapatia. Ingekuwa umeambiwa, ningemchukia aliyekwambia, nikapumua."

"Nitaiondoa kadi. Napiga simu kiwandani sasa hivi."

"Uiondoe?" Mama alicheka kicheko kisicho na meno. "Aende kizani, eh? Harudi? Sisi tulishamwondoa, mwanangu. Hakuna haja ya wawili kufanya kazi moja."

Alizikusanya kadi, akazigonga mezani mpaka kingo zikawa sawa, akazirudisha kisandukuni. Ya arobaini na tatu aliibakiza chini ya kiganja.

"Umeshiba, baba?"

"Nimeshiba, mama. Ahsante."

"Basi nenda salama. Binti yangu simtoi kwa mtu anayeijua nyumba yangu kuliko mimi."

---

Wino alimfuata hadi nje, akauvuta mlango nyuma yake. Jua lilikuwa bado juu. Watoto wa shule walikuwa wakipita na sare ambazo mama yake ndiye aliyezishona.

"Ilikuwa lazima uirekebishe?" alisema.

"Ilikuwa inashinda kupita kiasi."

"Ilikuwa ya bibi yangu! Iliwekwa ishinde!"

Mizani akasema jambo la kweli, kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusema. "Nilikuonyesha. Ulikubali."

"Nilikubali kwa sababu uliponionyesha uliinama, na shingo yako ilikuwa karibu na uso wangu. Ungenionyesha chochote ningekubali. Hilo hukulipima?"

"Sikujua kulipima."

"Hujui. Kila kitu hujui, na kila kitu unapatia. Mama kasema kweli."

Wino alinyoosha mkono kuushika wa Mizani, akaona vidole vyake vyenyewe vimetapakaa kijani. Wiki nzima alikuwa akivitazama bila kujua ni kijani cha nani. Akaurudisha mkono.

"Nisikilize," Mizani alisema. "Kesho saa nne gari linaondoka. Nitapita hapa saa tatu. Nyuma kuna viti viwili, kimoja changu. Sina baraka, sina maneno ya kumtuliza mama, na nikijaribu kuyatunga nitaharibu zaidi. Nina kiti tu. Ukija, tutamwomba radhi tukiwa wawili, kila mwezi, mpaka achoke kukataa."

"Na nisipokuja?"

Alifikiri. Mwanamume mwingine angesema atasubiri milele. "Nisipokuona, nitajua umeniambia hapana," alisema. "Nami sitarudi kukusumbua. Sitaki kuwa mtu ambaye mlango wenu unamwogopa."

"Hodi tatu," alisema Wino, bila kucheka.

"Hodi tatu," alijibu yeye.

Walitazamana kwa muda mrefu kuliko kawaida yao. Macho ya Mizani, ambayo siku zote yalikuwa yanahesabu kitu, yalikuwa yameacha. Hicho ndicho kilichomvunja Wino. Aligeuka akaingia ndani, na nyuma yake akamsikia mama akifunga mlango kwa ufunguo, mchana kweupe.

---

Asubuhi mkoba ulikuwa tayari. Wino aliuweka nyuma ya kochi, ndani yake nguo chache, brashi tatu na mkebe wa rangi. Alikuwa ameamua. Alikuwa amepima, kama Mizani anavyopima: mama ana Mjomba, ana kaka zake Wino wanaokuja kila Jumapili, ana cherehani na wateja. Mizani ana hesabu zake tu. Mzigo ulikuwa umelala upande mmoja, na Wino alijua ni upi.

Mjomba hakuwa amerudi kwake. Alilala chumba cha nyuma, kwa sababu alisema hawezi kumwacha dada yake hivi. Saa mbili na nusu mama aliketi kwenye cherehani na kuanza kushona, na ilimchukua Wino muda kuona kwamba sindano haikuwa na uzi.

Saa tatu kasoro dakika tano mama alisimama, akavuka chumba, akaweka ufunguo mapajani mwa binti yake, aliyekuwa amekaa sakafuni karibu na mlango. Ulikuwa na joto la mkono.

"Mkoba wako nimeuona," alisema. "Baba yangu alizuia. Mimi sizuii."

"Mama, nitakuwa narudi. Kila mwezi. Tutakuja wote wawili..."

"Ngoja. Jana ukweli umetoka mwingi, huu umebaki." Alirudi kukaa. Alizungumza kama anayemweleza mteja vipimo. "Miaka hamsini najiambia hivi: mtoto aliyepewa ufunguo, mzazi wake amekaa anamtazama, hawezi kufungua. Si kwamba hataki. Mkono haunyanyuki. Kwa neno hilo nimeolewa, nimewazaa nyinyi, nimekaa mezani nikala. Leo wewe ukiinuka hapo ukafungua, nami nimekaa hapa nakutazama, nitakuwa nimeuona mkono ukinyanyuka. Basi. Hilo tu. Kama unakwenda, nenda, na Mungu akutangulie."

Wino alingoja laana ifuate, au kilio, au ugonjwa wa moyo, vitu ambavyo wazazi huviweka mlangoni. Havikufuata. Kama ingekuwa tishio, angelikuwa ameshafungua. Lakini mama yake alikuwa amesema tu jambo lilivyo, akaingiza kitambaa chini ya sindano tupu.

Saa tatu kamili.

"Hodi."

Alimwona bila kumwona: shati lile la jana, saa mkononi, hatua moja nyuma ya kizingiti. Mama hakuinua kichwa.

Zilipita sekunde, labda thelathini. Mizani angejua ni ngapi.

"Hodi," alisema tena. Kisha, kwa sauti ya mtu asiyezoea kuongea na mbao: "Wino. Gari lipo barabarani. Nimeiwaza ile kadi tangu jana, na asubuhi hii nimepiga simu kiwandani. Sikuiondoa. Nimeirudisha kama bibi alivyoisema. Hodi ya tatu, mlango unafunguliwa, nyumba inajaa mwanga. Wamenionya kwamba itazishinda zote. Nimewaambia ishinde."

Gurudumu la cherehani lilisimama.

Wino alimtazama mama yake. Mama alikuwa amefumba macho, na uso wake ulikuwa uso wa msichana wa miaka kumi na minne, ule ule wa kwenye mkebe wa vifungo, aliouchora yeye mwenyewe kwa brashi nyembamba kuliko zote. Hapo ndipo Wino aliposhusha macho akajiona: amekaa chini, kushoto mwa mlango, ufunguo mapajani, uso umeelekea mbao. Pahali palikuwa patupu, akapajaza.

Mungu wangu, aliwaza, asipige ya tatu. Akiishia mbili hakuna kilichoisha. Aondoke tu, aende, aniache na mbili.

Lakini Mizani hakuwahi kuiacha kanuni nusu. Alisogea mpaka Wino akamsikia anavyopumua upande wa pili, na hakusema Wino. Alimwita kwa jina lake, lile la nyumbani, ambalo ofisini hakuna aliyewahi kulitumia.

"Hodi," alisema baada ya jina, chini chini, kama anayeaga.

Mkono ulitaka kunyanyuka. Ulikuwa mwepesi, ulikuwa unaweza kabisa, na Wino aliubana kwa ule mwingine, akaukandamiza mapajani mpaka meno ya ufunguo yakamchoma kiganjani, ili mama yake asione jinsi ulivyoweza.

Akahesabu. Hatua tisa hadi barabarani. Mlango wa gari. Mlango wa gari tena. Injini ikanguruma, ikapungua, ikawa moja na kelele nyingine za asubuhi.

Mama alifumbua macho. Hakusema ahsante, na Wino alimshukuru kwa hilo. Alichukua uzi, akaulowesha mdomoni, akaupitisha kwenye tundu la sindano mara moja tu, bila kukosea.

Chumba cha nyuma kitanda kililia.

"Nani anabisha?" Mjomba aliuliza, sauti bado ya usingizini.

Wino aliufumbata ufunguo.

"Ni upepo, Mjomba."

Mjomba hakuuliza tena.